Sekunde Tisa za Bibi Sepa

Kila siku saa kumi jioni, Jonalyn alipotoka shule, alitupa mkoba wake juu ya benchi la mianzi, akachukua simu ya mama yake na daftari la kijani, kisha akasimama mlangoni kama askari wa zamu.

"Bibi Sepa! Muda umefika! Toka kabla sijakufuata!"

"Hebu niache nivae viatu," bibi alijibu kutoka ndani. "Siku hizi nyumba hii ina mkubwa mpya, na bado ananyolewa nywele na mama yake."

Nyuma ya nyumba, mama yake Jonalyn alikuwa bandani akibanika samaki. Vikapu vilipangwa juu ya tanuri, vumbi la mbao lilifuka chini yake, na moshi ulitambaa mpaka barabarani. Nusu ya mtaa ule wa pwani, ng'ambo ya ghuba kutoka Manila, iliishi kwa kazi hiyo. Bibi Sepa aliifanya miaka arobaini, uso wake ukiwa ndani ya moshi tangu alfajiri. Na moshi nao haukumsahau. Mapafu yake yaliharibika kwa ugonjwa usiopona, na akapigwa marufuku kukanyaga bandani.

Majirani waliambiwa ni mafua. Mafua gani ya miaka miwili! Lakini ndivyo bibi alivyotaka isemwe, na nyumbani hakuna aliyethubutu kumpinga.

Bibi alitoka, akaketi kwenye benchi, akavuta pumzi na kusema "aaa" mpaka pumzi ikamwishia. Jonalyn alihesabu sekunde, akaandika. Hayo yalikuwa maagizo ya Nesi Delia wa zahanati: mpime bibi akiwa amepumzika, andika, tembeeni dakika kumi na tano mpaka duka la mikate na kurudi, andika dakika mlizotembea, kila Ijumaa niletee daftari nilione. Bibi hakupenda kutembea, ila alikuwa na sababu ya kukubali. Zilibaki wiki kumi na moja kufika Juma Kuu.

Kila Jumatatu ya Juma Kuu, mtaa wao ulikusanyika katika kanisa dogo kwa Pabasa. Kitabu kizima cha Mateso ya Yesu huimbwa kwa zamu, siku baada ya siku, mpaka kiishe. Beti kumi za kufungulia zilikuwa za Bibi Sepa. Zamani, mwanawe wa pekee alipokuwa mchanga na homa ikikaribia kumwondoa, bibi aliweka nadhiri kwamba mtoto akipona, yeye ataifungua Pabasa kila mwaka maadamu ana sauti. Mtoto alipona, akakua, akawa baba yake Jonalyn, na sasa alikuwa melini, bahari za mbali. Bibi hakuwa amekosa hata mwaka mmoja.

Siku ya kwanza ya mazoezi, bibi alifikisha sekunde sita. Jonalyn, kwa akili yake mwenyewe, akampima tena mara tu waliporudi, bibi bado akihema. Tatu! Hakuagizwa kupima hivyo, kwa hiyo hiyo tatu aliiandika kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho. Tangu siku hiyo alipima mara mbili, akinakili namba zote mbili pale nyuma, na kila siku ikawa vilevile. Wakitoka, sauti ipo, wakirudi, imekatika.

Wiki ya nne walipita mbele ya kanisa wakati wanawake wanaosha madawati. Mama Ludi, jirani mwenye banda kubwa kuliko yote na mdomo mkubwa zaidi ya banda, alinyoosha mgongo.

"Dada Sepa! Hebu tuonjeshe ubeti mmoja, tujue kama mwaka huu tunaye."

Bibi alikuwa bado anahema, ila hakuwa mtu wa kukataa mbele za watu. Akaimba. Mstari wa kwanza ulitoka umejaa upepo, wa pili ukakwaruza, wa tatu haukufika mwisho.

"Lo!" Mama Ludi aliangua kicheko. "Hiyo ni sauti au ni tairi linalotoa upepo? Mafua yako haya, dada, yataoa mpaka yazae."

Wanawake wengine walicheka, kisha wakaona aibu wakainamia ndoo zao.

"Ni huko kutembea kwako," Mama Ludi aliendelea, sasa kwa huruma ya kujitia. "Mwili unachemka, upepo wa bahari unakupiga, ile baridi ya pasma inakuingia kooni. Nani kakupa ushauri wa kipuuzi hivyo? Mtu anayetaka kuimba hulala, akanywa tangawizi ya moto, akanyamaza."

Jonalyn alifura kwa hasira. Alimchukia Mama Ludi kwa kicheko kile, lakini alichukia zaidi kwamba maneno yake yalikuwa na mantiki. Usiku ule, kabla ya kula, alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari. Siku ya kwanza, sita ikawa tatu. Kutembea kuliiba sekunde tatu. Leo, tisa ilikuwa tano. Kutembea kuliiba nne! Wizi ulikuwa unaongezeka, na mwizi alikuwa yeye, anayemburuta bibi yake barabarani kila jioni.

Ijumaa Nesi Delia alilisoma daftari akatabasamu. Alisoma kurasa za mbele tu, kwa maana hakujua kuna kitu nyuma.

"Tisa! Alianza na sita, huyu. Mwambie namvulia kofia. Na sasa mwongezee muda, dakika ishirini."

Ishirini! Jonalyn alibana meno. Njia nzima alikuwa akimsema nesi yule kimoyomoyo, na alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua.

"Nesi kasemaje?" bibi aliuliza.

"Kasema upumzike mpaka Juma Kuu. Sauti inataka kupumzika."

"Kweli kasema hivyo? Mbona juzi aling'ang'ania nitembee?"

"Kweli, Bibi. Kabadilisha."

Uongo wa kwanza ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wa pili haukumkwama. Kila saa kumi jioni aliketi kwenye benchi peke yake na kuandika kwenye kurasa za mbele: dakika ishirini, sekunde tisa. Dakika ishirini, sekunde kumi. Bibi alilala kitandani akinywa tangawizi ya moto, na Jonalyn aliendelea kumpima ili aone sauti ikirudi. Namba za kweli aliziandika nyuma, kwa penseli.

Nane. Nane. Saba.

"Bibi, hujitahidi!" alimfokea siku moja.

"Nijitahidi nini, mtoto? Nimechoka hata kukaa."

Bibi aliyekuwa akifika duka la mikate akiwatania wapita njia, sasa akienda bombani alishika ukuta. Saba. Sita na nusu. Wiki ya tatu ya mapumziko ilipoisha, sita.

Jumamosi wakakusanyika kanisani kufanya mazoezi ya Pabasa. Bibi alisimama mbele ya kipaza sauti, akafungua kitabu ambacho hakuwa na haja ya kukisoma, akaanza. Mstari wa pili tu, kikohozi kikamkamata. Alikohoa mpaka macho yakamtoka machozi. Mtu akamletea kiti.

"Nipeni mimi kitabu," alisema Mama Ludi. "Jamani, tusidanganyane. Nadhiri ilisema maadamu ana sauti. Sauti yenyewe iko wapi?"

"Funga mdomo wako!" Jonalyn alipiga kelele. "Wewe unasubiri afe ili ushike kipaza sauti! Unadhani hatujui?"

Bibi alimfinya mkono kwa nguvu.

"Adabu yako, Jonalyn," alisema kwa sauti ya kuvuja upepo. "Huyo ni mkubwa wako. Omba radhi."

Jonalyn hakuomba. Alichomoka mbio mpaka zahanati, akampita mlinzi, akamkuta Nesi Delia anapanga dawa kabatini.

"Mazoezi yako yamemmaliza bibi yangu!" alifoka, machozi na kamasi vikimtiririka. "Mlimtembeza mpaka mkaimaliza sauti yake! Sasa hawezi kuimba mistari miwili. Nadhiri yake inavunjika kwa sababu yako!"

Nesi Delia aliweka chini chupa aliyoshika. Hakukasirika, bado. Alivuta faili la Bibi Sepa.

"Taratibu. Hapa nimenakili daftari lako la jana: alitembea dakika ishirini, akafikisha sekunde kumi. Mtu mwenye sekunde kumi hakosi mistari miwili. Kuna nini?"

Hasira iliyomleta mbio ndiyo iliyomkamata mwenyewe.

"Jonalyn, nakuuliza. Bibi alitembea jana?"

"Hapana."

"Juzi?"

"Hapana. Hajatembea wiki tatu. Nilimwambia umemkataza."

Hapo ndipo nesi alipokasirika. Na tusimlaumu, maana nani asingekasirika!

"Unaona karatasi hii?" Aliipiga kwa kidole. "Ni barua kwa daktari. Nimeandika kwamba Bibi Sepa amepata nafuu nzuri na tufikirie kumpunguzia dawa ya kuvuta. Jumatatu ingeondoka! Tungempunguzia dawa mgonjwa anayezidiwa, kwa ajili ya namba zako za kutunga! Unajua ingekuwaje?"

Jonalyn alitikisa kichwa, akilia. Nesi aliichana ile barua vipande viwili, akachukua mkoba wake.

"Twende. Utayasema haya haya mbele yake."

Bibi alikuwa amesharudishwa nyumbani, ameketi kitandani, mama yake Jonalyn akimpepea. Jonalyn alisimama mlangoni akasema yote. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo.

"Kwa hiyo nililala wiki tatu," alisema, "nikitazama dari, nikijiuliza kama ndiyo nimeanza kufa. Nilikuwa nikilia ukienda shule, unajua hilo? Nikasema nesi kaona sina matumaini ndiyo maana kaniachisha. Kumbe ni wewe! Mwili ni wangu, mapafu ni yangu, nadhiri ni yangu. Nani alikupa ruhusa ya kuamua?"

"Nilitaka kuilinda sauti yako, Bibi."

"Kwa kunidanganya? Toka mbele yangu kwanza."

"Asitoke," Nesi Delia alisema. "Nataka nijue kwa nini mtoto mwenye akili alifikia huko. Leta hilo daftari."

Jonalyn alileta, na kwa mara ya kwanza akafungua ukurasa wa mwisho mbele ya mtu. Nesi alisoma namba za penseli, akasoma tena, na hasira yake ikapungua.

"Hizi ndizo za kweli?"

"Ndiyo. Kabla na baada ya kutembea. Kutembea kulikuwa kunamwibia sekunde, na Mama Ludi alisema ni pasma."

"Haya. Simu iweke hapo. Sema 'aaa' wewe."

Jonalyn alifikisha sekunde kumi na saba.

"Sasa zunguka nyumba mbio mara sita. Usisimame."

Jonalyn alikimbia, akarudi anahema. Nesi akamwamuru aseme "aaa" hapo hapo. Sauti ilitoka inatikisika, ikavunjika sekunde ya saba.

"Lo, maskini, umeibiwa sekunde kumi," nesi alisema. "Nani kakuibia? Na wewe una pasma?"

Mama yake Jonalyn alicheka. Bibi alijizuia asicheke, kwa maana bado alikuwa na hasira zake. Baada ya dakika chache Jonalyn alipimwa tena, na sekunde zake kumi na saba zilikuwa pale pale.

"Sauti inasukumwa na pumzi," nesi alieleza. "Ukijichosha, mwili unaidai pumzi yote kwanza, na sauti inabaki na makombo. Ukipumzika, inarudishiwa. Wewe unahitaji dakika mbili tatu. Bibi, mwenye mapafu yaliyochoka, anahitaji robo saa. Kwa hiyo tano baada ya kutembea haikuwa wizi. Sasa tazama safu hii nyingine, ambayo hukuitazama kabisa. Kabla ya kutembea: siku ya kwanza sita. Wiki ya nne?"

"Tisa."

"Na baada ya wiki tatu za kulala?"

Jonalyn alitazama namba aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. "Sita," alinong'ona.

"Mazoezi ndiyo yaliyompa zile tatu. Kulala kumezirudisha. Jibu ulikuwa nalo kwenye penseli yako, ukalificha nyuma na kuandika uongo mbele. Ungenionyesha ukurasa huu wiki ya kwanza, ningekueleza kwa dakika tano."

Bibi akashusha miguu chini, akavitafuta viatu vyake kwa vidole.

"Zimebaki wiki nne," alisema. "Jonalyn, sijakusamehe. Lete mkono wako nisimame."

Walianza upya na dakika tano, kwa sababu miguu ilikuwa imelegea. Nesi alimfundisha bibi kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Wiki ya kwanza bibi hakumsemesha Jonalyn ila namba tu. Wiki ya pili alimwita mkaidi. Wiki ya tatu alimwita askari, na Jonalyn alijua mambo yanarudi. Kwa Mama Ludi alipelekwa kuomba radhi, akaenda shingo upande, akaomba. Na namba zilipanda polepole, zikiandikwa zote mbele kwa kalamu: saba, saba, nane.

Jumatatu ya Juma Kuu, kabla ya kuondoka nyumbani, Bibi Sepa aliketi kwenye benchi akasema "aaa". Tisa.

Walitembea mpaka kanisani, wakafika saa mbili asubuhi kamili. Watu walishajaa, sahani za wali wa kunata zikipita mikononi. Bibi alikuwa anahema. Mama Ludi alimtazama usoni, akakishika kitabu.

"Saa imefika," alisema. "Anaanza au haanzi?"

"Anapumzika kwanza," alijibu Jonalyn.

"Apumzike kwa nini? Si mafua tu? Kama hawezi aseme, watu hawakuja kuangalia mtu akihema!"

Minong'ono ilianza. Jonalyn alihisi ile hasira ya zamani ikipanda kifuani, na ulimi ukimwasha kumtolea Mama Ludi neno la kumkata. Pia alijua uongo mwepesi ungewanyamazisha wote: bibi kala vibaya, bibi kapigwa na jua. Alimeza mate.

"Siyo mafua," alisema kwa nguvu mpaka nyuma wakasikia. "Bibi ana ugonjwa wa mapafu. Moshi wa samaki ndio uliompa. Akitembea, sauti inaondoka, na inarudi baada ya robo saa. Tunaomba mtusubiri robo saa."

Jonalyn hakuthubutu kumtazama bibi yake, kwa maana alikuwa ametoa siri ya miaka miwili.

Bibi Sepa aliinua mkono, akapumua kwa midomo iliyobanwa kabla ya kusema.

"Mtoto kasema kweli. Mimi ndiye niliyewadanganya, nikaona aibu kuugua kazi iliyonilisha. Kaeni. Nitaimba."

Wakakaa. Hata Mama Ludi alikaa, kitabu mapajani. Robo saa ilipotimia bibi alisimama. Haikuwa sauti yake ya zamani iliyokuwa ikivuka barabara. Ilikuwa nyembamba na yenye ukungu pembeni, na alivuta pumzi mwisho wa kila mstari, jambo ambalo zamani angelicheka kwa mwingine. Lakini kila mstari ulifika mwisho. Alimaliza beti zote kumi, kisha akageuka na kumpa Mama Ludi kipaza sauti kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Ludi alikipokea, ila hakuanza mara moja.

"Dada Sepa," aliuliza chini chini, "huyo nesi hupatikana siku gani? Mimi nami nakohoa tangu mwaka jana."

"Kila siku," bibi alisema. "Mpelekee ukweli wako wote, usipunguze."

Wakarudi nyumbani polepole, Jonalyn akibeba mwavuli. Walipofika kwenye benchi la mianzi, bibi aliketi.

"Sikiliza, Jonalyn. Uliniongopea kwa sababu ulinipenda, na mimi niliwaongopea majirani kwa sababu nilijipenda. Nyumba moja, waongo wawili, na mapafu yalikuwa yanaumia katikati yetu. Daktari hawezi kutibu kitu asichokiona. Mwenye kuugua na mwenye kumuuguza, wote wawili, kazi yao ya kwanza ni kusema lilivyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya, nipime."

"Sasa hivi? Si bado unahema?"

"Sasa hivi."

Bibi alisema "aaa". Sauti ilikwaruza, ikapungua, ikakatika. Jonalyn aliitazama simu, kisha akamtazama bibi yake.

"Tano," alisema.

"Iandike," alisema Bibi Sepa, akiegemea ukuta. "Mbele, kwa kalamu."